Saa ya Sataranji Mezani

SWALI: Mwalimu, mimi na wenzangu hucheza Warhammer 40,000, ule mchezo wa vita wa mezani wa vinyago vya askari na dadu, kila Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Tunaanza saa nane, na saa kumi na mbili soja anatutikisia funguo. Raundi ya tano hatujawahi kuiona. Mmoja wetu huwaza hadi chai inapoa. Tufanyeje? – Msomaji, South B

JIBU: Ndugu yangu, majeshi yenu yanawazidi. Mchezo wa pointi 2,000, yaani jumla ya thamani ya askari wa kila jeshi, hukadiriwa kuchukua muda wa saa tatu, na hizo ni kwa watu wanaozijua kanuni. Shukeni hadi 1,000: saa mbili, raundi zile zile tano.

Kisha tafuteni saa ya sataranji, ile inayohesabu muda wa kila mchezaji peke yake, hata ile programu ya bure ya simu. Kila mtu apewe dakika zake 60. Akimaliza zamu, anaigonga, na muda wa mwenzake unaanza kukatika. Hapa ndipo watu hugombana: mpinzani anaporusha dadu za kujikinga na shambulio, saa ihamie kwake. La sivyo huyo wa chai atakula muda wa mwenzake hata katika zamu isiyo yake. Muda ukimwishia, askari wake hawasogei wala hawashambulii. Anajikinga tu na kuhesabu pointi za ushindi za maeneo anayoshikilia. Ni kali, lakini inafundisha haraka.

Dadu rusheni zote kwa mpigo, ndani ya sinia, msije mkatambaa chini ya meza. Ondoa zilizokosa, zilizobaki rusha tena hapo hapo. Kuokota zilizopata moja moja ni kuchambua mchele.

Na anayependa kuwaza, awaze zamu ya mwenzake ikiendelea. Hapo saa haimdai.