Moyo unashtuka mbio ghafla, ECG iko sawa. Niendelee kupima?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nauza mitumba hapa Dodoma mjini. Tangu mwezi wa pili moyo unanienda mbio ghafla, mara mbili tatu kwa wiki, kama dakika kumi, halafu unatulia wenyewe. Nimepima ECG (kipimo cha umeme wa moyo), nikaambiwa moyo mzima. Mume wangu anasema ni mawazo ya mkopo. Nitafute hela ya vipimo zaidi au niache?

JIBU: Marahaba dada. Siku ile ya ECG, moyo ulikuwa unakwenda mbio? Kama ulikuwa umetulia, kipimo kile hakijajibu swali lako. ECG ya kawaida hurekodi sekunde 10 hivi. Ni kama mlinzi aliyepita sokoni mchana akakuta shwari, na mwizi huja usiku.

Neno lililonisimamisha ni "ghafla". Ungekuwa mbele yangu ningekuomba unigongee meza kwa kidole jinsi moyo unavyopiga. Mbio zilizo sawasawa, zinazowaka na kuzimika kama taa, mara nyingi ni hitilafu ya njia za umeme wa moyo, na inatibika. Mapigo ya ovyoovyo ni habari nyingine, yanahitaji kuchunguzwa mapema. Pigo moja linaloruka kisha likaja zito, kwa mtu mwenye moyo mzima, kwa kawaida halina madhara. Wasiwasi nao hudundisha moyo, simbishii shemeji, ila wapo wanawake wengi walioambiwa "ni mawazo" kumbe ni ile ya taa.

Kwa hiyo endelea, ila anza na vya bei nafuu: wingi wa damu (hasa kama hedhi yako ni nzito), homoni za thairoidi (tezi ya shingoni), potasiamu, na kipimo cha mimba. Mweleze daktari pia kuhusu kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa za mafua na za pumu. Eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) naiona ya lazima kama daktari amesikia sauti isiyo ya kawaida kifuani, uliwahi kuugua homa ya baridi yabisi utotoni, au umejifungua miezi ya karibuni.

Kuhusu kifaa cha kuvaa saa 24 kinachorekodi mapigo ya moyo, usikimbilie kukilipia. Kwa tatizo la mara mbili kwa wiki, siku moja inaweza kupita bure; uliza kama wana cha siku kadhaa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za moyo. La sivyo, moyo ukianza, panda bodaboda ya kwanza hadi kituo cha karibu chenye ECG, uwaambie wapime palepale kabla haujatulia. Wakati huohuo hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, uzidishe kwa nne, uandike.

Lakini ukizimia au kukaribia kuzimia, ukabanwa kifua au pumzi, hiyo ni dharura siku hiyohiyo. Na kama kwenu kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, litaje hilo hata kabla hujaulizwa.