Maswali na majibu: gari la spoti la zamani linalokula tairi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wenye magari ya spoti ya miaka 20 na zaidi, na karibu zote zinalia na jambo moja: gari linakula tairi. Nimechagua chache na kuzifupisha.

Fundi, habari za kazi. Gari langu ni la viti viwili, injini mbele, nguvu nyuma. Nilishusha springi mwaka jana. Matairi ya nyuma ukiyatazama kwa nje ni kama mapya, lakini juzi nilipopiga jeki nilikuta ukingo wa ndani umetoka nyuzi. Nimefanya alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za magurudumu) mara mbili na mashine inasema iko sawa. Kosa liko wapi?

Ndugu yangu, yavue kwanza. Tairi lililotoka nyuzi linaweza kupasuka bila dalili nyingine yoyote, na likipasuka nyuma ukiwa kwenye kona, gari la namna hiyo linazunguka kabla hujafanya lolote na usukani.

Tuje kwenye kosa. Ukishusha springi, mikono inayoshika gurudumu inabadili mkao na pembe zote zinahama kwa mpigo. Gurudumu linainamia ndani kwa juu. Hiyo ndiyo kemba hasi. Gari la spoti linaihitaji kidogo ili tairi likanyage vizuri kwenye kona, na ndiyo inayotupiwa lawama zote. Mimi huanza kuishuku tou, yaani magurudumu mawili ya upande wa nyuma, au wa mbele, kuelekeana au kuachana kwa mbele. Kemba ya wastani ikiwa peke yake hula taratibu. Tou huburuza. Kwa hesabu ya pembe, gurudumu likipotoka digrii 1 tu kutoka kwenye mstari wa mwendo, katika kila kilomita linasukumwa kando kiasi cha mita 17. Hizo mbili zikikutana, kemba inaegemeza uzito kwenye ukingo wa ndani na tou inausugua.

Kwa nini mashine inakuambia sawa? Kwa sababu inapima gari likiwa limetulia. Bushi za mpira, zile zinazokaa kwenye viungo vya mikono ya magurudumu, zikishazeeka, gari likisimama hukaa mahali pake kama hazina neno. Ukikanyaga breki, barabara inalivuta gurudumu kurudi nyuma, bushi inakubali, gurudumu linageukia nje. Ukiachia linarudi lilikokuwa. Nimewahi kupokea gari lenye karatasi ya alaimenti ambayo namba zake zote zilikuwa za kijani. Niliingia chini na nondo, nikausukuma mkono wa nyuma, na bushi ikafunguka mdomo kama kiatu kilichoachia soli. Nilipolegeza nondo ikafumba, usijue kitu.

Kwa hiyo kagua bushi kwa nondo, moja baada ya nyingine, na boljointi, vile viungo vya chuma vyenye kichwa cha duara, pamoja nazo. Badilisha zilizochoka, ndipo urudi kwenye mashine. Hakikisha upepo wa matairi ni sahihi, na uzito wako au mzigo unaolingana nao uwe kwenye kiti cha dereva, maana gari jepesi hivyo linaona tofauti. Dai pia nyuma irekebishwe, wasiishie mbele. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989 hadi 1997, inakubali kurekebishwa kemba na tou kwenye kona zote nne. Kuna magari ambayo yakishashushwa yanahitaji mikono inayorekebishika ili pembe zirudi mahali pake.

Gari langu linavuma kadiri mwendo unavyoongezeka. Nimebadilisha beringi mbili za magurudumu na mvumo uko palepale. Je, ni difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma?

Kabla hujagusa gia, zima gari, liache lipoe, upitishe kiganja polepole juu ya tairi ukilizunguka lote. Ukihisi milima na mabonde, kashata moja (kipande cha mpira kinachokanyaga barabara) iko juu na inayofuata imeliwa, umeshaupata mvumo wako. Jicho huwa halioni vizuri, hasa kwenye tairi jeusi lenye vumbi. Kiganja hakikosei.

Mabonde ya namna hiyo mara nyingi ni kazi ya shokapu iliyokwisha. Springi inabeba uzito, lakini haijui kutulia. Ikishagongwa inaendelea kucheza. Shokapu ndiyo inayoizuia, kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo ya pistoni. Yakipita bila upinzani, gurudumu linadunda barabarani mara kumi na zaidi kwa sekunde. Kila likitua linamenya mpira kidogo, na likishachonga bonde, bonde lenyewe linalirusha tena. Gurudumu lisilobalansiwa au beringi iliyolegea inaweza kufanya yaleyale, kwa hiyo vipime na hivyo. Ila nikupe habari mbaya mapema: ukifunga shokapu mpya na kubakiza matairi hayo, mvumo utabaki. Mabonde hayajifukii.

Pitisha kiganja pia kwa upana, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Kikiteleza kikienda na kukwaruzwa kikirudi, au kinyume chake, kama kwenye meno ya msumeno, hiyo ni tou.

Fundi wangu alikandamiza boneti kwa mikono, gari likapanda na kutulia, akasema shokapu ni nzima. Nimwamini?

Gari likinesanesa mara tatu au nne, usiulize zaidi: zimekufa. Likitulia mara moja, bado hajakuambia kitu. Mikono inasukuma taratibu, wakati jiwe la barabarani linapiga kwa kasi, na ndani ya shokapu kasi hizo mbili zinashughulikiwa na njia tofauti za mafuta. Isitoshe, bushi kavu zilizokaza zinaweza kulituliza gari lenye shokapu tupu.

Mwombe aangalie mwili wa shokapu. Unyevu mwembamba wenye vumbi karibu na sili ni kawaida. Mafuta yanayotiririka hadi chini ni kifo. Aangalie na ile raba ya kuzuia kugonga iliyo kwenye fimbo yake, kwani kwenye magari yaliyoshushwa mara nyingi naikuta imesagika kuwa unga. Akiwa na shaka bado, aifungue na kuisukuma kwa mkono ikiwa imesimama wima. Inatakiwa ipinge sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ikifika mahali ikawa laini ghafla, basi. Nasisitiza wima, kwa sababu shokapu ya mirija miwili ikilazwa hewa huingia kwenye mafuta, na unaweza kuitupa ikiwa nzima. Na kama inakaa ndani ya springi, springi isifunguliwe bila kifaa chake cha kuibana. Inaruka kwa nguvu ya kuua.

Imevuja moja tu, ya mbele kushoto. Nibadilishe hiyo peke yake?

Hapana. Badilisha mbili za mbele kwa pamoja. Moja ikiwa ngumu na mwenzake amechoka, gari litakuwa na tabia moja kwenye kona ya kulia na nyingine kwenye ya kushoto.

Matairi yangu yana kashata nzuri tu, gari linalala ndani muda mwingi. Lakini kwenye mvua linateleza kama sabuni.

Soma ubavuni. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3612 ni wiki ya 36 ya mwaka 2012. Ukikuta tarakimu tatu, tairi ni la kabla ya 2000. Mpira hukauka hata gari likilala, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Michelin na wengine wanashauri tairi likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe, kashata ziwepo zisiwepo. Kwa gari la spoti mimi singoji miaka hiyo ifike.

Naweza kupeleka matairi ya nyuma mbele ili yaishe sawa?

Kama saizi ni moja, ndiyo. Kama ya nyuma ni mapana zaidi, hapana. Na kama yana mshale wa mwelekeo, hayahami kutoka kushoto kwenda kulia bila kuvuliwa kwenye ringi na kugeuzwa.

Fundi, fedha yangu inatosha kitu kimoja kwa sasa. Matairi mapya au shokapu na bushi?

Dada, kama matairi yako ni kipara au yametoka nyuzi, gari lipumzike hadi utakapopata vyote viwili. Kama bado yanafaa, anza na bushi na shokapu, kisha alaimenti. Matairi yaje mwisho. Nimeona matairi mapya manne yakifungwa chini ya bushi zilizooza, na kabla ya mwaka kuisha yameshaliwa ndani, mwenyewe amerudi na swali lilelile.

Siku ya kufunga, simama karibu. Bushi za mpira zilizogandishwa kwenye chuma chake zisikazwe magurudumu yakiwa yananing'inia. Boliti zishikwe kwanza kwa mkono, gari likalie magurudumu yake kwa uzito wote, ndipo zikazwe. Zikikazwa juu ya jeki, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote, nao unachanika mapema.