Mashine inawaka, feni inazunguka, ila moto haushiki

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana nipo Ifakara, nachomelea mageti na madirisha. Nimenunua inveta ya kuchomelea iliyotumika, mbele imeandikwa ampea 200, pale dukani tuliijaribu ikachoma vizuri kabisa nikalipa, sasa nimefika nayo saiti nikichomeka taa ya kijani inawaka na feni inazunguka lakini nikigusa rodi kwenye chuma inatoa kacheche kadogo afu inaganda, au haitoi kitu kabisa. Nimepima kwa multimita pale mbele kwenye plasi na mainasi inasoma volti 64. Umeme nauvuta kwa ekstensheni ya mita 50 kutoka nyumba ya jirani. Kuna fundi wa elektroniki kaiangalia kasema mosfeti zimekufa nimpe elfu 90 abadilishe. Nimpe au nisimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe kwanza, hiyo elfu 90 ikae mfukoni mpaka umalize haya ninayokwambia, na mengi hayatakugharimu hata shilingi.

Mosfeti, yaani zile swichi za elektroniki za ndani, zikifa kwenye inveta mara nyingi mashine inaangusha breka ukiwasha tu, au inawasha ile taa ya njano ya hitilafu, au pale mbele husomi volti yoyote. Wewe unasoma 64, yaani mashine inatengeneza umeme, na dukani ilichoma ukaiona kwa macho yako. Kilichobadilika kati ya dukani na saiti ni umeme unaoingia, nyaya na chuma unachochomea. Anzia hapo.

Na hapa ndo vijana wengi wanapotea, wanaiamini multimita kupita kiasi. Multimita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata kama ndani ya waya wako umebaki unyuzi mmoja tu wa shaba, yenyewe itasoma volti 64 safi kabisa na wewe utasema waya mzima. Rodi ya geji 12, ile ya unene wa milimita 2.5 hivi, inataka ampea 60 mpaka 90, na huo unyuzi mmoja hauwezi kuzipitisha. Ni kama bomba la maji lililoziba katikati, ukifunga koki presha inajaa vilevile, ukifungua ndo unaona maji yanadondoka. Kwa hiyo kipimo cha maana ni kile unachopima wakati rodi inaguswa, sio mashine ikiwa imetulia.

Anza na asi, ule waya wenye klempu unaorudisha umeme kwenye mashine. Wengi wanabana klempu kwenye chuma chenye rangi au kutu, au kwenye meza yenye masizi ya miaka, afu wanalaumu mashine. Chukua grainda safisha sehemu ya kubana mpaka chuma king'ae, bana kwenye kazi yenyewe sio kwenye meza, angalia springi ya klempu kama bado inauma, angalia na ile nati inayoshika waya kwenye klempu maana zinalegea sana zikisafirishwa kwenye pikipiki. Plagi zile za mbele ukishaingiza zungusha mpaka zibane, ukiingiza tu bila kuzungusha zinagusa kidogo na zinaungua. Holda nayo, kile kishikio cha rodi, ifungue ule mpini uone waya ulivyoshikwa ndani. Nyaya zinazokuja na mashine za bei ndogo mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, zikikunjwa kunjwa zinakatika nyuzi karibu na holda bila ganda kuonyesha chochote, ukipapasa unasikia pamelainika.

Sasa kipimo chenyewe. Weka multimita kwenye volti za disii (DC, umeme unaokwenda upande mmoja), ncha moja shika kwenye chuma unachochomea, nyingine pale mashine inapotokea waya wa asi, afu mwambie mwenzako agusishe rodi. Waya na klempu vikiwa vizima inasoma chini ya volti 1. Ikiruka mpaka 5 au 10 au zaidi, basi umeme unaishia njiani na umeshampata mwizi. Fanya hivyohivyo upande wa holda. Huna mtu wa kukushikia? Jaribu kuchoma dakika mbili tatu, zima, afu papasa maungio, penye joto kuliko kwingine ndo pabovu.

Ekstensheni hiyo ya mita 50 ndo naishuku kuliko vyote. Hukusema ukubwa wa waya, ila nyingi zinazouzwa ni za milimita 1.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hiyo ni mita 100 za waya, ukinzani wake unafika ohmu 1.2 hivi, mashine ikivuta ampea 20 unapoteza volti zaidi ya 20 njiani. Kama kwa jirani zinafika 230, kwako zinabaki kama 207, na kama kwa jirani ni 200 (jioni hilo ni jambo la kawaida mitaani) basi mashine yako inakula 175 na inveta nyingi hapo zinakataa au zinatoa moto dhaifu. Mwenzako agusishe rodi wewe ukiangalia volti kwenye soketi ya mwisho, ziko ngapi pale rodi inapogusa. Ukiona zinaporomoka, nunua waya wa milimita 4, hasara ya njiani inashuka mpaka volti 9 hivi. Na uikunjue yote, ukiacha imezungushwa kwenye gurudumu lake inapata moto mpaka ganda linayeyuka, nyumba zimeungua hivyo.

Yakiwa yote mazima, rudi kwenye rodi. Rodi uliyoitumia nusu ncha yake inafunikwa na kioo cha unga ulioyeyuka na hicho hakipitishi umeme, igonge kwenye zege kidogo mpaka chuma kitokee. Rodi zilizolala kwenye unyevu, na huko kwenu mvua mnazijua, anika au kausha kabla ya kazi. Geji 12 weka ampea 80, geji 10 inataka 90 mpaka 130, ukiweka geji 10 kwenye 60 lazima igande. Kwaruza kama unawasha kiberiti afu inua kidogo, usikandamize. Angalia pia kama mashine ina swichi au taa iliyoandikwa VRD, hiyo inashusha volti kwa usalama na kuwasha kunakuwa kugumu zaidi, ila kwako unasoma 64 kwa hiyo haifanyi kazi saa hizi.

Jambo moja naomba unisikilize vizuri, usifungue kasha mwenyewe. Ndani kuna kapasita zinazobeba volti kama 320 za disii, na ukichomoa plagi zinaweza kubaki zimejaa kwa muda. Ukishapima yote haya na bado moto haushiki, hapo sasa mpelekee fundi, na umwambie akuonyeshe mosfeti zilizokufa kwa kipimo kabla hajachomoa hata moja.

SWALI: Mzee, mimi niko Kitui, niko na mashine ya transfoma ya kuzungusha mkono. Rodi za 6013 inashika sawa lakini 7018 inakataa katakata, inaganda tu. Shida ni gani?

JIBU: Mashine yako haina ugonjwa. Transfoma ndogo nyingi zinatoa volti 50 hivi kabla moto haujashika, na 7018 inapenda kama 70. Afu umeme wa eisii (AC), ndo unaotoka kwenye transfoma yako, unazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde, 7018 ya kawaida haipendi. Tafuta zile zilizoandikwa zinafaa eisii, au azima inveta na uweke holda kwenye plasi. Kwa geti la kawaida endelea na 6013, inatosha kabisa. Na 7018 isikae wazi, inanyonya unyevu vibaya.

SWALI: Nina karakana ndogo Bukoba, mimi mama sio fundi ila vijana wangu wanachomelea. Umeme ukikatika tunawasha jenereta ya kVA 2.5 lakini mashine haishiki, jenereta inanguruma na kutaka kuzima. Wanasema niuze mashine.

JIBU: Mama, usiuze mashine, ni jenereta ndogo. Kuchoma kwa ampea 80 kunahitaji karibu wati 1,900 pale kwenye rodi, ukiongeza zinazopotea ndani ya mashine na jinsi inveta inavyovuta umeme kwa mapigo unafika kVA 3 na kidogo. Ampea 160 inataka kama kVA 7. Kwa kazi za geji 12 tafuta ya kVA 5, na iwe namba ya kufanya kazi muda wote, sio ile ya juu inayoandikwa kwa herufi kubwa. Kwa sasa waambie vijana wajaribu rodi nyembamba za milimita 2 kwa ampea 45, kwenye bomba jembamba zitafanya kazi, na wasichomeke kitu kingine chochote kwenye jenereta hiyo wakati wanachoma.