Sahani ya mjukuu wangu

Mwanangu Zainabu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako, wa mjukuu wangu alivyokwenda kucheza kwa jirani yenu huko Uswidi, nimeusoma, kisha nikamsomea mama yako, akaruka: "Astaghfirullah, mtoto kanyimwa chakula!" Nikamwambia hakunyimwa, aliambiwa asubiri chumbani na wanasesere wakati wenzake wakila, walipomaliza wakaendelea kucheza. Umeniuliza kama useme neno kwa yule jirani au ulinyamazie. Nitafika huko.

Mimi na Uswidi unajua tulivyo. Ile picha ya sebuleni, nimevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, ilipigwa Uppsala nilipokuwa nasoma huko. Jumamosi moja ya Desemba nilikwenda kumrudishia kitabu mwenzangu wa maabara. Sikupiga simu. Nani kwetu Ngamiani, Tanga, anapiga simu kabla ya kubisha hodi? Saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia zamani. Akafungua, akafurahi kweli, nikavua viatu mlangoni (kwa hilo hata sisi watu wa pwani hatuwashindi). Mara mkewe akaita. Yule bwana akaniambia, "Tunakula, hatuchelewi," akanipa gazeti. La Kiswidi! Nikakaa natazama picha za wacheza hoki huku nasikia uma zinagonga sahani na harufu ya vitunguu inanijia pale pale kwenye kochi. Akarudi anajifuta mdomo, tukazungumza vizuri sana. Kahawa alinipa. Keki alinipa. Chakula, la.

Njaa sikuwa nayo, nilishakula wali wangu. Lakini uma zile nazisikia mpaka leo.

Sasa, wana hoja zao. Mwaka 2022 jambo hili lilipozuka mitandaoni, dunia nzima ikawasema, mimi hapa barazani nikajikuta nawatetea. Wao wanaona mama wa mtoto naye kapika kwake. Ukimshibisha mwanawe umemharibia chakula cha jioni. Tena hawapendi kumbebesha mtu deni. Haya. Na mimi nilisoma Kibaha kabla haijakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, ikiendeshwa na watu wa nchi za Nordiki, Uswidi ikiwamo. Maharage yale nani alilipia? Kodi ya watu kama yule mwenzangu. Hata huyo mjukuu wangu mchana anakula shuleni bure, yeye na watoto wote. Kwa hiyo huwezi kusema hawalishi mtoto wa mtu. Wanamlisha, ila kwa mkono wa serikali.

Lakini serikali haiko mezani saa kumi na moja jioni! Bibi yako alisema, na mimi nasema: sufuria haihesabu vichwa.

Halafu nakumbuka chumba cha kufulia cha jengo zima, watu wanafua kwa zamu. Ubao ule wa vikufuli vya kushikia zamu unaujua, kila nyumba na namba yake, ukizidisha muda unakuta kikaratasi cha matusi ya adabu. Siku moja darasa lilichelewa kwisha, nguo zangu zimo kwenye kabati la kukaushia, zamu ni ya mwingine. Nikashuka nimejiandaa kutukanwa. Nikakuta zote zimekunjwa: mashati pembe kwa pembe, soksi mbili mbili, na chupi, mwanangu, chupi za baba yako zimepangwa kama leso za harusi. Nikauliza majirani wa ngazi nzima, kila mmoja akakana. Mtu anakukunjia chupi halafu hakupi kiazi, utamwita nani?

Sitasema ni wachoyo. Ulimi unaniwasha, lakini sitasema. Yule jirani ndiye aliyekaa na mtoto ulipolazwa, hilo hatujalisahau hapa. Ingawa sufuria haihesabu vichwa, na kiazi kimoja hakimfilisi mtu.

Useme au usiseme? Nijibu kwanza: wa kwao akija kucheza kwenu, magharibi imeingia na mchuzi uko mezani, unafanyaje? Mwandikie mama yake kumuuliza, kama ndio utaratibu wao. Ila wakati unasubiri jibu, sahani ya mtoto iwe imeshawekwa.

Mchumba wangu mwambie babu anamsalimu, na kwamba nyumba yao ni ngazi moja tu juu. Wakiitana kula, apande ale kwao, kisha ashuke akacheze. Mama yako hataki. Anasema mara nyingine mtoto aende na bakuli kubwa la pilau, la watu wote wa nyumba ile. Nimemwambia hivyo ni vita. Amesema ndiyo.

Baba yako