AMH 0.6, je IVF ndo basi tena?

Dada uliyeuliza kama AMH 0.6 (homoni inayopimwa kwenye damu) ina maana IVF (ile ya kurutubisha yai maabara kisha kupandikiza) haitashika, pole kwanza. Mimi yangu ilikuja chini ya 1 nikiwa na miaka 34, sindano nimechomwa hapahapa Dar, ngoja nikwambie navyoelewa.

AMH inatolewa na vile vifuko vidogo vidogo vya mayai kwenye ovari, kwahiyo ni kama kuchungulia stoo kujua mzigo uliobaki. Inachokisia vizuri ni kimoja tu, ukichomwa zile sindano za kukuza mayai utatoa mengi au machache. Ubora wa yai haiusemi kabisa, huo unaendana zaidi na umri, ndo maana mdada wa 30 mwenye AMH ndogo mara nyingi ana nafasi kubwa kuliko wa 42 mwenye AMH nzuri, na wewe umri hujataja! Kuna utafiti wa Marekani wa 2017, walifuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba waliokuwa wanatafuta mimba kawaida tu nyumbani, wenye AMH ndogo walishika sawa na wenzao. IVF ni habari nyingine kidogo maana kule wingi wa mayai unasaidia, ila machache sio sifuri.

Alafu angalia yuniti kabla hujaanza kulia. 0.6 ya ng/mL ni kama 4.3 ya pmol/L, watu wanachanganya hizo mbili humu kila siku wanatishana bure. Na kama ulikuwa kwenye vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango inaweza kushuka, mwambie daktari.

FSH, homoni ya kutoka kwenye ubongo inayochochea mayai kukua, wanapima siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, ikizidi 10 wanaanza kukunja uso, lakini usikubali ipimwe peke yake bila estradioli (homoni ya kike inayotoka kwenye ovari), kwa sababu estradioli ikiwa juu inaikandamiza FSH inaonekana nzuri kumbe wapi. Na omba utrasaundi ya kuhesabu vifuko, mi naona hiyo na AMH pamoja ndo zinakupa picha. Wenye AMH ya juu sana nao wasichekelee, wengi wao wana PCOS (tatizo la homoni, ovari zinajaa vifuko vidogo vingi) na sindano zinaweza kuwavimbisha tumbo vibaya.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema ni projesteroni, homoni inayoandaa ukuta wa kizazi kupokea mimba. Yangu ilipanda kabla ya sindano ya mwisho ile ya kuivisha mayai, wakasema hatupandikizi mzunguko huu tunagandisha embrio zote (mayai yaliyokwisha kurutubishwa), nilinuna hiyo siku acha tu, ila sababu ipo, ikipanda mapema ukuta wa kizazi unatangulia embrio inachelewa, haziendani tena. Uliza kliniki yako kama wanaipima.

Na kama unameza vile vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini sema kabla hujatolewa damu, vinavuruga baadhi ya vipimo vya homoni.