Ziwa Kawaguchi kwa siku moja
Mkuu umeuliza kama siku moja inatosha kuzunguka ziwa Kawaguchi ukitokea Tokyo, inatosha ila uamke mapema maana basi la kutoka Shinjuku, mtaa wa hapo Tokyo, linachukua kama masaa mawili na mlima Fuji una tabia ya kujificha, asubuhi unauona wote afu mchana mawingu yanaufunika ndo imetoka hiyo. Ukishuka stesheni kodi baiskeli, yale mabasi ya kuzungusha watalii yanajaa balaa, piga pedeli mpaka Oishi Park upande wa kaskazini, hapo Fuji unauona ng'ambo ya maji vizuri kabisa na mwanzoni mwa mwezi wa 7 unakuta lavenda zimechanua. Kuna kebokaa pia ya kupanda kilima cha Tenjo. Vile viboti vya bata maji mi naona vya wapenzi tu 😂 Chakula usikose hoto, tambi nene kwenye mchuzi wa miso (rojo la soya iliyochachushwa) na boga, inaletwa na chungu chake bado inatokota. Na sweta ubebe, ziwa lenyewe liko mita 830 hivi juu ya usawa wa bahari, jioni kunapoa.