Kurudi kwa Dead Kennedys wa mwanzo: jibu kwa kijana wa Mwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia akiwa amekasirika. Alikuwa amesoma sifa nilizowamwagia Dead Kennedys, bendi ya panki (roki ya kasi yenye hasira) ya San Francisco, Marekani, akaitafuta santuri yao ya kwanza, akasikiliza nyimbo tatu na kuacha. Aliniuliza, kwa heshima lakini bila kuficha uchungu, inakuwaje mtu mzima wa Kiafrika amshauri kijana kuwasikiliza watu wanaoimba kwamba masikini wauawe. Nimekaa na swali lake siku kadhaa, kwa sababu nilipokuwa na miaka 17 niliwahi kuulizwa linalofanana nalo, na sikuwa na jibu.

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni mkoani Kilimanjaro. Mwalimu wa kigeni aliyekuwa akitufundisha kwa kujitolea alimaliza muda wake, akagawa vitu vyake kabla ya kuondoka, na mimi nikapata kanda moja. Kwenye jalada lake Kristo wa dhahabu alikuwa ametundikwa juu ya msalaba wa noti za dola. Kanda hiyo, In God We Trust, Inc., ilitoka mwaka 1981 ikiwa na nyimbo 8 zinazokwisha kwa takribani dakika 14, zikipigwa kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia kwenye muziki wowote, na upande wake wa pili haukuwa na kitu. Wakati wa likizo nikautumia upande ule kunasa kipindi cha salamu cha Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa bahati siku hiyo ikasomwa kadi ambayo mama yangu alikuwa ameituma, jina langu likiwemo.

Niliporudi shuleni mlezi wa bweni akaliona jalada. Hakusikiliza hata wimbo mmoja. Aliichoma kanda nyuma ya jiko mbele ya wenzangu, huku akiniuliza mtoto aliyebatizwa anawezaje kumiliki kitu kama kile. Utepe ulijikunja kwenye moto kama nywele, ukatoa moshi mweusi wenye harufu iliyobaki kwenye shati langu mpaka siku ya kufua. Mama alifariki mwaka 2003, na sauti ya mtangazaji akilitaja jina lake pamoja na langu iliteketea pale. Miaka 30 imepita na bado sijamsamehe mlezi yule kikamilifu.

Nilipopata nakala nyingine ya kanda hiyo nikiwa mtu mzima ndipo nilipoyasoma maandishi ya upande ule mtupu. Bendi ilikuwa imeandika kwamba kunakili muziki nyumbani kunaua faida ya kampuni za muziki, na kwamba imeuacha upande huo wazi ili nawe usaidie. Salamu za mama, kumbe, ziliwekwa mahali palipotengwa kwa ajili yake. Na Kristo wa dola naye alikuwa shutuma kwa waliomgeuza kuwa biashara, kwa maana wakati huo wahubiri wa televisheni wa Marekani walikuwa wakichangisha fedha na kupigania siasa kwa pumzi moja. Mlezi wangu, aliyetusomea mara nyingi habari za Yesu akizipindua meza za wabadili fedha hekaluni, alikuwa amechoma picha iliyokuwa upande wake.

Kwa hiyo, kijana wangu, jambo la kwanza ninalokuomba ni kuujua mwaka kabla hujaanza kusikiliza. Fresh Fruit for Rotting Vegetables, ile uliyoiacha njiani, ilitoka mwaka 1980, na jalada lake linaonyesha magari ya polisi yakiungua. Tarehe 27 Novemba 1978 Dan White, aliyekuwa diwani wa San Francisco, aliwapiga risasi na kuwaua meya George Moscone na diwani Harvey Milk ndani ya ukumbi wa jiji. Tarehe 21 Mei 1979 wazee wa mahakama wakamtia hatiani kwa kosa jepesi kuliko kuua kwa kukusudia, na usiku huohuo watu wakamiminika barabarani na kuchoma magari ya polisi. Miezi michache baadaye mwimbaji wa bendi, Jello Biafra, akagombea umeya wa jiji hilohilo, akiahidi kwamba wafanyabiashara watalazimishwa kuvaa nguo za wachekeshaji wa sarakasi, na akashika nafasi ya nne kwa kura zaidi ya 6,000. Muziki wenye hasira uliotoka katika jiji la namna hiyo hauwezi kusikilizwa kana kwamba ulirekodiwa jana.

Jambo la pili ni kujiuliza ni nani anayesema ndani ya wimbo. Wimbo uliokuudhi unazungumza kwa kinywa cha mkubwa anayefurahia bomu la nyutroni, lile linaloua watu na kuacha majengo yakiwa yamesimama, kwa kuwa sasa anaweza kufuta vitongoji vya masikini bila kuharibu mali. Mwimbaji amevaa sauti ya adui yake. Wewe umekulia kwenye nchi ya taarabu, unajua kwamba anayeimba mpasho hamtaji anayempasha, na kwamba ukumbi mzima humgeukia mlengwa pasipo jina lake kutamkwa. Basi lisikilize fumbo la watu hawa kwa sikio hilohilo ulilolelewa nalo.

Jina la Biafra nililieleza kwanza kwa marehemu baba yangu, nikitarajia agune na kuondoka. Aliweka gazeti chini. Alikuwa kijana tarehe 13 Aprili 1968, siku ambayo Tanzania iliitambua Biafra, sehemu ya Nigeria iliyokuwa imejitangazia uhuru, kabla ya nchi nyingine yoyote duniani, na alikumbuka wakubwa wakibishana kama Mwalimu Nyerere amefanya busara au amevunja umoja wa Afrika. Nikamwambia kwamba kijana wa Colorado aliyezaliwa akiitwa Eric Boucher aliliunganisha jina la kitindamlo cha jeli na jina la nchi iliyokufa njaa, ili shibe ya kwao na njaa ya watu wale zikae katika jina moja. Baba aliuliza kama kijana huyo aliwahi kufika huko, nikasema hapana, akalirudia gazeti lake. Tangu siku hiyo nimewasikiliza nikiwa na mashaka kidogo, na nadhani ndivyo inavyopaswa.

Maana yapo ambayo mwaka na fumbo haviyaponyi. Katika wimbo wao kuhusu Kambodia limo tusi la kututukana sisi weusi, likiwekwa mdomoni mwa mwanafunzi tajiri anayejifanya kuyajua mateso ya wengine. Naielewa shabaha yake, na bado linanichoma kila mara. Mwaka 1981 bendi ilimpata mpiga dramu mweusi, D.H. Peligro, aliyefariki mwaka 2022, na mikono yake ndiyo iliyoipa kanda yangu ile kasi yote.

Plastic Surgery Disasters ya mwaka 1982 ndiyo naiona kuwa kazi yao bora ya miaka ya mwanzo, na ndiyo inayonitesa zaidi. Jalada lake ni picha ambayo Mike Wells aliipiga Karamoja, Uganda, mwaka 1980: mkono wa mtoto, mweusi, mkavu kama kijiti, umelala juu ya kiganja kinene cha mmisionari mzungu. Ilishinda tuzo ya picha ya mwaka ya World Press Photo. Njaa ile ilitokana na ukame, na ilizidishwa na bunduki zilizoporwa kwenye kambi ya jeshi ya Moroto baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, zikaingia kwenye wizi wa ng'ombe. Askari wetu wa Tanzania ndio waliomwangusha, kwa hiyo habari hiyo inatugusa nasi pia.

Mwezi uliopita rafiki yangu mwenyeji wa Moroto alinitembelea, nami kwa furaha ya mwenyeji nikamwekea santuri hiyo bila kufikiri. Aliuchukua mfuko wake, akautazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu ya ule mkono mdogo mara moja, kisha akaulaza kifudifudi mezani. Tulisikiliza hadi wimbo wa mwisho, ule wa tajiri anayetembea usiku kwenye ufuko uliochafuliwa akiwa amevaa kinyago cha gesi, na alisema gitaa lake ni zuri. Chai ilipokwisha aliaga. Mfuko sijaugeuza, na kwenye rafu nimeuweka vilevile alivyouacha.